Tairi linateleza kwenye tope? Tafuta ugonjwa kabla hujatoa hela

Mvua zikianza huku kwetu Kigoma, kuanzia Novemba hivi mpaka huko Aprili, kila kijiwe cha fundi baiskeli utasikia ombi lilelile, "fundi nipe tairi linaloshika", na fundi naye anakutolea lile lenye kashata, yaani yale meno ya mpira juu ya tairi, kubwa kuliko yote aliyonayo, unalipa, linafungwa nyuma, keshokutwa unashuka kutoka Kalinzi unateleza palepale ulipoteleza wiki iliyopita. Hela imeenda na ugonjwa bado uko nao.

Mimi lilinikuta hivyohivyo. Msimu wa mvua wa mwaka juzi nilinunua tairi jipya nikalifunga nyuma, kwa sababu nyuma ndo kuna keria na ndo linakoisha haraka, mbele nikaacha lile la zamani ambalo kwa macho lilikuwa bado na kashata za kutosha. Nikawa nashuka kile kinjia cha udongo mwekundu kinachokatiza kwenye migomba, mvua imetoka kukatika, gurudumu la mbele likaondoka ghafla kama limevutwa na mtu, sikupata hata nafasi ya kushusha mguu. Mkono wa kushoto ulivimba wiki mbili, sikuweza kushika hata jembe. Tangu hapo nimeacha kuuliza "tairi gani zuri". Nauliza kwanza linateleza wapi, saa ngapi, na baiskeli ilikuwa imebeba nini, na ndo hayo nataka tuyapitie hapa, dalili mojamoja.

Hakikisha kwanza ni tairi, sio breki

Wengi wanalilaumu tairi kumbe breki. Kipimo chake rahisi: tafuta mteremko mfupi wenye unyevu, pasiwe na watu wala magari, kamata breki ya nyuma kwa nguvu. Gurudumu likiganda halafu baiskeli ikaendelea kwenda, hapo tairi ndo halishiki. Gurudumu likiendelea kuzunguka wakati umebana mpaka mwisho, tairi halina kosa, na hata ukifunga la laki mbili utaendelea kuingia mtaroni. Hizi baiskeli zetu za Phoenix zina rimu za chuma zenye kromu, zikilowa breki inapungua nguvu vibaya mno, rimu za alminiamu zina nafuu, na breki za diski zina nafuu zaidi maana diski inakaa juu huko mbali na tope. Kwenye rimu ya chuma iliyolowa anza kubana kidogokidogo mapema kabla hujafika pa kusimama, raba zifute maji kwanza, ndo ubane sasa.

Tairi la mbele linakukimbia kwenye kona

Hii ndo dalili ya hatari kuliko zote. La nyuma likiteleza unalisikia, baiskeli inapiga mkia, unashusha mguu, unaiweka sawa, safari inaendelea. La mbele likiteleza ushaanguka. Kwaiyo hii tabia yetu ya kufunga jipya nyuma na lililochoka kulihamishia mbele mimi naipinga kabisa, na nitaendelea kuipinga kila kijiwe nitakachokaa. Najua sababu yake, la nyuma ndo linabeba mzigo, ndo linasukuma, linaisha mbele ya macho yako, na mtu anaona akiweka jipya mbele anapoteza. Lakini linaloisha haraka ndo linatakiwa liwe na mpira mgumu kidogo unaovumilia, na lile laini, jipya, lenye kashata kali, likae mbele kwenye usukani. Ukiwa na hela ya tairi moja tu, nunua la mbele. Lililokuwa mbele lirudi nyuma likamalizie maisha yake huko, la nyuma lililokwisha ndo litupwe.

Sasa kama la mbele ni zuri na bado linakimbia, angalia upepo. Mafundi wetu wanajaza mpaka ukigonga na kidole linalia kama ngoma, na ukiuliza wanakwambia likiwa gumu ndo halipati pancha, ndo linakimbia. Kwenye lami ya kwenda Mwandiga sawa. Kwenye njia ya mawe iliyolowa, tairi gumu linagusa ardhi kidogo tu, likikuta jiwe linadunda badala ya kulilalia, na zile kashata ulizolipia zinapita juu ya utelezi bila kuingia. Kwa mtu wa kilo 65 hivi asiye na mzigo, tairi la upana wa inchi 2.1 mpaka 2.25 lenye tyubu ndani, mimi naanzia PSI (kipimo cha upepo) 28 mbele na 32 nyuma njia ikiwa kavu, ikinyesha natoa tatu au nne kila upande. Ukiwa mzito kuliko hapo ongeza, ukiwa na mzigo kwenye keria ongeza nyuma. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, labda 65, ni mwisho ambao hutakiwi kuuvuka, watu wanaisoma kama ndo kipimo cha kujazia.

Huna geji? Wengi hatuna. Panda juu ya baiskeli na mzigo wako kama unavyosafiri, mwenzio achuchumae aangalie tairi lilivyokaa chini: ubavu uchomoze kidogo, zile kashata za pembeni ziwe zinakaribia ardhi, tairi lisipondeke. Halafu chagua kona moja unayoijua, pita mara ya kwanza, simama, bonyeza valvu kwa kuhesabu moja mbili, pita tena, bonyeza tena. Utafika mahali baiskeli inatulia chini ya mikono yako na utashangaa ni tairi lilelile. Ukisikia rimu inagonga jiwe, "kong!", umepitiliza, rudisha kidogo. Mchezo mzima unachukua nusu saa na hauna gharama, ndo maana inaniuma kuona mtu anauza kuku wawili anunue tairi kabla hajajaribu kutoa upepo.

Upepo nao ukiwa sawa, pitisha kidole kwenye kashata za pembeni. Ukiwa umenyooka unatembelea za katikati, ukilala kwenye kona unahamia za pembeni, kwaiyo tairi linaweza likawa zima katikati na limekufa pembeni, au kinyume chake. Unachokitafuta ni ncha. Kashata mpya ina kona kali unayoisikia kwenye kidole, iliyochoka imekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, urefu wake unaweza kuwa bado upo lakini hailimi tena kwenye udongo.

Na la mwisho kwenye kona ni wewe mwenyewe. Ukiogopa unarudi nyuma ya siti, mikono inanyooka, uzito wote unatoka gurudumu la mbele, na gurudumu lisilo na uzito halishiki chochote hata ulivalishe tairi gani. Kunja viwiko, kifua kisogee mbele kidogo, breki zote zimalizwe kabla hujaingia kona, ukiwa ndani ya kona acha liviringike.

La nyuma linazunguka bure kwenye kupandisha

Unakanyaga, linazunguka, baiskeli haiendi. Mara nyingi umesimama juu ya pedeli: ukisimama uzito unaenda mbele, nyuma kunabaki kwepesi. Kaa, sogea ncha ya siti, inamisha kifua, weka gia nyepesi na ukanyage mfululizo bila kushtukiza. Kama bado, cheki upepo kama juu, halafu geuza macho kwenye tairi lenyewe. Kashata zinazovuta ni zile zilizolala kwa upana, kama ngazi, zinakamata ardhi na kuisukuma nyuma. Kuna hizi tairi zinazokuja na baiskeli nyingi za bei nafuu zina mstari mmoja wa mpira usiokatika unaozunguka katikati tairi zima, huo mstari ni wa lami, kwenye tope unakuwa kama umevaa viatu vya soli laini, achana nazo kabisa kama njia zako ni za huku milimani.

Angalia na mshale. Ubavuni kuna mshale wa mzunguko, fundi akiwa na haraka analigeuza, na kwenye tairi zenye mchoro wa V au kashata zilizokatwa mshazari upande mmoja, tofauti unaisikia. Nyingine zina mishale miwili, mmoja wa mbele mwingine wa nyuma, fuata iliyoandikwa.

Tope linaganda mpaka gurudumu haligeuki

Hapa ndo nyumbani kwetu haswa. Udongo mwekundu wa Kalinzi, Matyazo, wa Kasulu na Heru Juu, na ule mweusi wa mbuga ukielekea Malagarasi, ukinyeshewa unanata kama ugali wa muhogo. Mizunguko kumi tu tairi limekuwa nene mara mbili, linasugua fremu, linasugua breki, unashuka unabeba baiskeli begani nayo imeongezeka kilo sijui ngapi.

Watu wanachanganya tope la aina mbili na tiba zake hazifanani. La kwanza ni tope jepesi, la majimaji, chini yake kuna ardhi ngumu. Hili linatakiwa tairi jembamba kiasi lenye kashata ndefu zenye ncha, linapasua ule uji na kwenda kushika huko chini. Tairi pana kwenye tope la namna hii linaelea juu. Ndo maana tairi za tope zinazotengenezwa makusudi, kama Dirty Dan ya Schwalbe au Shorty na Wetscream za Maxxis, zina kashata kama meno yaliyoachana achana. La pili ni huu mfinyanzi wetu wa kunata, na hapa kitu kinachookoa ni nafasi, nafasi kati ya kashata na kashata, na nafasi kati ya tairi na fremu.

Nafasi ya kashata naipima hivi: weka kidole cha shahada katikati ya kashata mbili. Kama hakiingii, tope likiingia halitoki. Kashata zilizobanana ni nzuri sana kwenye njia kavu na kwenye moramu, na dukani ndo zinavutia macho maana zinaonekana nyingi, mteja anahesabu wingi. Kwenye mfinyanzi wingi ndo adui, mashimo yanajaa ndani ya dakika moja, hapo unaendesha tairi kipara lililotengenezwa kwa udongo. Zikiwa chache zimeachana na zinanesa kidogo, kila zinapogusa ardhi zinajikunja na kulitema tope, na ukiwa na mwendo kidogo mzunguko wenyewe unalirusha.

Nafasi ya fremu ndo inasahaulika. Mtu ana baiskeli ya mtumba ambayo fremu yake inaruhusu 2.0, anamshawishi fundi amfungie 2.25 kwa sababu nene ndo linashika, linaingia kwa shida, kiangazi linazunguka vizuri tu, mvua ya kwanza limekwama. Mimi nataka penseli ipite bila kugusa kila upande, juu na pembeni, kwenye foku na kwenye fremu huku nyuma. Isipopita, shuka kwenye 1.95, utapata faida kubwa kuliko hiyo nene. Madigadi nayo toa msimu wa mvua, au nyanyua juu. Nguo zitachafuka, lakini utafika.

Na chagua saa. Mfinyanzi mbaya kuliko wote sio ule wa wakati mvua inanyesha, ni ule wa saa moja au mbili baadae ukianza kukauka, umepoteza maji lakini bado laini, huo ndo unashika kama gundi. Nikiweza napita mvua ikiwa bado inadondoka au nasubiri mpaka mchana jua lishike. Ukikwama usilazimishe kwa pedeli, utakata cheni au utapinda kibeba gia, chukua kijiti toa tope kwenye breki na nyuma ya pedeli, halafu pita pembeni kwenye nyasi, nyasi zinalisafisha tairi zenyewe.

Kashata kubwa, jipya, bado linateleza juu ya mawe na mizizi

Hii inawachanganya watu kuliko zote, na mimi iliniumiza kichwa muda mrefu mpaka nilipoelewa kwamba kashata ni kwa ajili ya udongo. Jiwe halichimbiki. Mzizi wa mwembe uliolowa jino haliingii. Huko juu kinachoshika ni mpira wenyewe, ulaini wake, unavyojibandika kwenye vitundu vidogo vya jiwe. Tairi lenye kashata ndefu na mpira mgumu kwenye jiwe lililolowa ni baya kuliko lenye kashata fupi na mpira laini, kwa sababu zile ndefu zinapinda na unakanyagia ncha tu.

Ulaini unapimwa kwa namba, inavyokuwa ndogo ndo mpira laini zaidi. Maxxis mpira wao wa Super Tacky waliuandika 42a, wakati tairi zao za kawaida zilikuwa 60a au 70a. Schwalbe wanatumia majina na rangi, Addix Soft ina mstari wa rangi ya chungwa, Ultra Soft zambarau. Ukikutana nazo kwenye mtumba utajua umeshika nini. Ila ujue laini inaisha haraka na inakuwa nzito kukanyaga, sababu nyingine tena ya kuweka mbele peke yake. Za namna hii Kigoma mjini sio rahisi kuzikuta dukani, mara nyingi utaletewa Kenda, CST au zisizo na jina la maana, na kati ya hizo kuna nzuri na mbaya, kwaiyo kipimo kikubwa ni kucha yako. Bonyeza kucha ya kidole gumba kwenye kashata. Mpira mzuri unaingia, unaacha alama, alama inarudi polepole. Ukibonyeza kama unabonyeza kandambili iliyokaa juani miaka, lirudishe.

Maana mpira unazeeka hata haujatembea. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira na salfa, umekuwa mgumu wa kutosha kutumika, ila jua, joto na hewa vinaendelea kuukausha kidogokidogo, na tairi lililoning'inizwa nje ya duka misimu miwili limeshaanza kufa. Tairi za gari zina tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, za baiskeli nyingi hazina, kwaiyo likunje ubavu kwa nguvu mbele ya mwanga. Ukiona vimstari vidogo kama nyufa za kisigino, limekwisha hilo. Mimi niliwahi kuuziwa moja limepakwa kitu cheusi linang'aa kama jipya kabisa, nikafurahia bei, nilipolifua na sabuni nyumbani nyufa zikatokea kila mahali. Siku hizi natembea na kitambaa chenye maji, nafuta kipande kimoja kabla ya kuongea bei, na muuzaji mzuri hachukii ukifanya hivyo.

Kwa njia zetu zenye vyote, udongo, mawe na mizizi ndani ya kilomita moja, usiende kwenye yale meno marefu ya tope tupu. Chukua za kati, kashata za wastani zilizoachana kiasi, zilizokatwa vimfereji vidogo juu yake, hivyo vimfereji vinafanya kashata ifunguke ikilala kwenye jiwe. Magic Mary ya Schwalbe, Minion DHF na High Roller za Maxxis ni za familia hiyo, na ukishaijua sura yake utaitambua hata kwenye tairi la jina jingine. Halafu mzizi uvuke kwa kuukata msalaba, usiupande mshazari, na ukiwa juu yake usishike breki.

Pancha kila siku baada ya kupunguza upepo

Toa tyubu uiangalie. Tundu moja ni mwiba au msumari, haihusiani na upepo, ila kabla hujarudisha tyubu pitisha vidole taratibu ndani ya tairi maana mwiba mara nyingi bado umo. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba kama umeumwa na nyoka, hapo rimu iliibana tyubu kwenye jiwe, umetoa upepo kupita kiasi au una mzigo mzito kuliko ulivyopimia. Ongeza PSI tatu, nne. Ikiendelea na tairi lako ni la 1.95, ndo mahali ambapo upana unasaidia kweli, kama fremu inaruhusu.

Valvu ikianza kulala upande maana yake tairi linatembea juu ya rimu, nayo ni dalili ya upepo mdogo, iwahi kabla haijang'oka. Na ukisikia baiskeli inayumba kwenye kona kama tairi limejaa maji, ni hivyohivyo.

Wale wenye rimu na tairi za kutumia bila tyubu, zenye ule umajimaji wa kuziba ndani, wanaweza kushuka upepo zaidi bila hofu ya hayo matundu mawili, kwa njia za mawe ni kitu kizuri sana, ila kwa joto letu ule umajimaji unakauka, inabidi uangalie na kuongeza kila baada ya miezi michache.

La nyuma limeanza kuteleza ghafla, juzi lilikuwa zima

Ulibeba mawese? Siulizi kwa utani, huku kwetu dumu la mawese kwenye keria ni kitu cha kila siku na mfuniko ukivuja mafuta yanashuka kwenye tairi na kwenye rimu, unakosa mshiko na breki kwa pamoja. Mafuta yakikaa muda mrefu yanaingia kwenye mpira na kuuharibu. Osha na maji ya moto kidogo na sabuni, sugua kwa brashi, rimu zifute mpaka kitambaa kitoke kisafi, raba za breki zikwangue kidogo na msasa. Usitumie petroli, nayo inaula mpira. Ni hivyohivyo kwa wanaobeba dagaa na migebuka kutoka Kibirizi, yale maji ya samaki yana mafuta.

Kashata zinang'oka

Zikichanika kwenye mzizi wake wakati tairi bado jipya, ama mpira umezeeka ama unaganda breki sana kwenye mawe. Chache sio tatizo, zikifuatana upande mmoja badilisha.

Kwenye mchanga

Ndugu zetu wa Tabora mnauliza sana hili. Mchanga ni kinyume cha tope jepesi, huku unataka kuelea, kwaiyo tairi pana na upepo mdogo, kashata sio hoja kubwa, gia nyepesi na mikono isipambane na usukani.

Tairi umelipata ila haliingii kwenye rimu

Hapa watu wanapoteza hela bure kabisa. "Inchi 26" sio saizi moja. 26 x 1.95 na 26 x 2.1 zenye nukta zinaingia kwenye rimu za mauntenibaiki, 26 x 1 3/8 yenye sehemu ni rimu nyingine kabisa na haitaingia hata mkivuta watu watatu. Hiyo 26 yenye nukta ni ya zamani sana, Schwinn wa Marekani walianza kutoa tairi nene za inchi 26 zenye upana wa 2.125 mwaka 1933, na miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, wakazichukua hizo baiskeli nzito za kizamani kushukia milima, ndo mauntenibaiki ikaanzia hapo, na ndo maana mtumba mwingi tunaoupata bado ni 26 japo mpya siku hizi zimehamia 27.5 na 29.

Namba isiyodanganya ni ile yenye kistari katikati, imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni, mfano 54-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo ambapo tairi linakaa kwenye rimu, na hiyo ya pili ndo lazima ifanane kabisa. 559 ni mauntenibaiki ya 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29, 590 ndo ile ya 1 3/8, na 635 ni zile 28 x 1 1/2 za Phoenix. Tope likiwa limeifunika ifute kwa kidole na mate, ipige picha kwa simu kabla hujapanda gari kwenda Mwanga sokoni, na ukifika mwonyeshe muuzaji picha, usimtajie inchi.